Kokwa ya Kumi na Tano

BI MEJUMAA: Haloo, haloo. Nani wewe upigaye simu na maji yamwagika? Nasikia bomba tu. Kama wewe ni bomba, hapa Tononoka siku ya tatu hatuna maji, endelea kumwagika.

SWAFIA: Somo, ni mimi. Assalaam alaykum.

BI MEJUMAA: Waalaykumu salaam. Mimi nani? Nina wari arubaini na mbili niliowafunda, na wote wakipiga simu ni "mimi".

SWAFIA: Swafia. Wa Kibokoni.

BI MEJUMAA: Swafia wa Badawi. Bibi harusi wangu wa mwisho, uliyenimalizia udi wote wa mwaka. Wa hali gani, mwanangu? Mumeo hajambo? Na mavyaa yako, yule Bi Raihana—

SWAFIA: Somo, nisikize, tafadhali. Niko msalani. Nimefungulia maji ndani ya ndoo asinisikie. Yuko nje ya mlango.

BI MEJUMAA: Nani yuko nje ya mlango?

SWAFIA: Mavyaa. Ameweka kigoda, ameketi. Angoja nikoge.

BI MEJUMAA: Mwanamke amemaliza shughuli zote za Mombasa, sasa alinda msala. Angoja ukoge ili iweje?

SWAFIA: Leo ni ya kumi na tano, somo.

BI MEJUMAA: Ya kumi na tano ya mwezi?

SWAFIA: Ya kumi na tano ya ule uongo.

BI MEJUMAA: Lo. Mimi nilidhani mko ya nane, ya tisa. Hebu nikumbushe pole pole, kichwa changu kina wanawake wengi ndani.

SWAFIA: Badawi alirudi na lori kutoka Kampala, si unakumbuka? Nikatoa suruali yake nifue. Mfukoni mna vidonge, na karatasi ya kliniki ya huko njiani, yasema kisonono, na mgonjwa amlete mwenzi wake naye atibiwe. Nikakupigia nalia. Ukanambia—

BI MEJUMAA: Nilikwambia usilie juu ya nguo za kufua, chumvi hailingani na sabuni.

SWAFIA: Ukanambia, "Sema umo mwezini. Tundika shanga nyekundu kwenye nguzo ya kitanda, kama nilivyokufunda. Mume aliyesoma Kurani chuoni hatakugusa. Ukipata siku saba, tutafikiri." Nikatundika. Siku saba zikapita, somo. Hatukufikiri.

BI MEJUMAA: Mimi nilikuwa na harusi mbili Majengo. [mtandao wakoroma] —na huyo mumeo, vidonge hakuvimeza?

SWAFIA: Haloo? Sikusikia.

BI MEJUMAA: Nasema vidonge, amevimeza?

SWAFIA: Nusu. Alipopata nafuu akaacha. Vilivyobaki viko vile vile, kila siku navihesabu. Na sasa asubuhi akienda chooni namsikia agumia. Amwambia mamake ni mgongo, ni kukaa sana kwenye usukani.

BI MEJUMAA: Usukani gani huo uumao mbele.

SWAFIA: Somo.

BI MEJUMAA: Haya, haya. Na huyo mlinzi wa msala, siku amezijuaje?

SWAFIA: Siku ya kwanza aliona siswali, akaanza kuhesabu. Kila asubuhi akimaliza chai atia kokwa ya tende ndani ya kikombe cha kahawa, akakiweka dirishani, pale nipitapo. Hanambii neno. Leo ametia ya kumi na tano, akamimina zote mezani mbele yangu, akazihesabu kwa kidole. Kisha akapanda chumbani, akazitoa zile shanga nyekundu kwa mkono wake, akatundika nyeupe. Amenitilia marashi kwenye maji ya josho. Maua ya asmini ya kitandani ameyaagiza Markiti. Asema leo isha nitaswali nyuma yake, na baada ya isha niende kwa mume wangu kama walivyokwenda wenzangu.

BI MEJUMAA: Naye Badawi yuko wapi?

SWAFIA: Lori iko gereji tangu aliporudi. Kila siku aenda Kilindini kuulizia, arudi kabla ya magharibi. Sasa hivi atakuwa njiani. Somo, nina kama saa moja. Nifanye nini?

BI MEJUMAA: Homa. Sema una homa, ulale.

SWAFIA: Juzi nilisema. Akanitia kile cha kupimia joto kwapani, akakaa akikitazama kama mkate ulio jikoni. Kikatoka hakina kitu.

BI MEJUMAA: Basi njoo kwangu. Sema somo wako ameanguka, amevunjika mguu, hana wa kumtilia maji.

SWAFIA: Jana nilisema.

BI MEJUMAA: Nimevunjika mguu?

SWAFIA: Wa kulia.

BI MEJUMAA: Ndiyo maana tangu jana waniuma. Akasemaje?

SWAFIA: Akasema Mungu atakuponya, na siku zikishatimia Badawi atanileta mwenyewe nikutazame. Kesho. Nikishakoga.

BI MEJUMAA: Mwanamke huyu angezaliwa mwanamume angekuwa mpelelezi. Sikiza. Kuna mpira, hizo kondomu. Mimi niliacha skuli darasa la saba na mpira nausikia redioni kila siku, wewe uliyesoma—

SWAFIA: Niutoe wapi mpira, somo, nikiwa nimejifungia msalani? Na nikimpa Badawi ataniuliza wa nini. Miezi minane ya ndoa, mamake kila Ijumaa aombea mjukuu kwa sauti, mimi nimpe mwanawe mpira? Nitasema ni wa nini?

[maji yafurika]

BI MEJUMAA: Ndoo yako imejaa, mwanangu. Imwage, uanze tena.

SWAFIA: Nimeimwaga mara mbili. [kwa sauti ya juu] Naam, mama! Bado kidogo, nasugua miguu! [kwa sauti ya chini] Anaita.

BI MEJUMAA: Sugua miguu mpaka isha. Ngozi yamea.

SWAFIA: Somo, kuna jingine. Sijakwambia kubwa.

BI MEJUMAA: Lipo kubwa zaidi?

SWAFIA: Imekuja.

BI MEJUMAA: Imekuja nini?

SWAFIA: Damu. Yangu, ya kweli. Leo, baada ya adhuhuri.

[Bi Mejumaa acheka mpaka akohoa]

SWAFIA: Wacheka.

BI MEJUMAA: Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Siku kumi na tano wauza damu usiyo nayo, leo mzigo umefika na duka limefungwa. Nikiacha kucheka nitalia, nami nimepaka wanja. Basi mwambie mavyaa yako. Mwambie damu ingali yatoka.

SWAFIA: Nimemwambia. Nimemwonyesha hata kitambaa, somo, nilivyokuwa sina haya tena. Hakukitazama mara mbili. Amekwenda kumuuliza mwalimu wa chuoni, na mwalimu amemjibu: hedhi mwisho wake ni siku kumi na tano. Ikipita hapo ni damu ya ugonjwa. Mwanamke hujisafisha, huvaa kitambaa, huswali, na kwa mumewe ni halali. Na mwalimu hakukosea. Yeye ameulizwa juu ya damu niliyoisema mimi. Siku zangu nimezila zote kwa uongo, na sasa zimekuja za kweli sina pa kuziweka.

BI MEJUMAA: [polepole] Kwa hiyo leo usiku, mumeo mgonjwa, na wewe umo ndani ya siku zako kweli, na nyumba nzima yasema ruhusa.

SWAFIA: Na asmini juu.

BI MEJUMAA: Hmm. Sasa sikiza, Swafia. Labda Mungu ameileta hiyo damu kwa makusudi. Sisi tulifundwa kwamba wakati ule damu yasukuma nje, haiachi kitu kukaa. Yaosha. Ikiwa hapana njia, ikibidi kabisa, basi afadhali iwe leo kuliko—

SWAFIA: Nani alikufunda hayo?

BI MEJUMAA: Somo wangu mimi. Mungu amrehemu. Alikuwa mkubwa wa masomo wote wa mji huu, akipita watu wanyamaza.

SWAFIA: Si kweli, somo.

BI MEJUMAA: Nini si kweli?

SWAFIA: Ya kuosha. [mtandao wakoroma] —nilikwenda, siku ile niliyomwambia mavyaa naenda Markiti kununua nazi. Kuna kliniki hapa mjini, ina muuguzi aitwa Purity. Amenipima. Mimi ni mzima, somo, sina kitu, bado sijapata. Nikamweleza yote, mpaka zile kokwa. Hakucheka. Akanambia siku za damu ndizo za kuogopa kupita zote. Mlango wa kizazi siku hizo huwa umelegea, na ugonjwa wapata njia ya kupanda juu. Na Badawi alipimwa kisonono tu. Ile karatasi yasema arudi apimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini, hakurudi. Hayo nayo hupita upesi zaidi penye damu, kwangu na kwake. Haioshi. Yafungua.

[kimya]

SWAFIA: Haloo? Somo? Umo?

BI MEJUMAA: Nimo. Wapanda juu mpaka wapi?

SWAFIA: Mpaka kwenye mirija. Ile njia ya mayai. Wafanya kidonda, kidonda kikipona mrija umeziba. Asema wengine hawaumwi sana. Tumbo kidogo, wadhani ni chango la kawaida, lapita. Kisha mwanamke akaa na mume miaka na miaka, ataka mtoto, hapati, wala hajui kwa nini.

BI MEJUMAA: Wala hajui kwa nini.

SWAFIA: Ndivyo alivyosema.

[mtandao wakoroma, watulia]

SWAFIA: Somo, kredo yangu si nyingi. Sema neno.

BI MEJUMAA: Mume wangu alikuwa kuli wa Kilindini, wajua? Kabla hajazaliwa mamako.

SWAFIA: Sikujua kama uliolewa na kuli.

BI MEJUMAA: Mwanamume mzuri. Alikuwa abeba gunia mbili akiimba. Zilikuja meli fulani, wakapewa kazi usiku na mchana, hakurudi nyumbani siku tisa. Aliporudi hakuwa aimba. Na mimi nilikuwa katika siku zangu. Nikamkimbilia somo wangu, nikamwambia bwana ana kitu, nimeona nguo zake. Akanambia usimtie haya mumeo, mwanamke hamkatai mumewe, tena una bahati, yaosha. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

SWAFIA: Somo...

BI MEJUMAA: Tumbo liliniuma wiki tatu. Nikanywa mvuje. Likapita.

SWAFIA: Somo, pole.

BI MEJUMAA: Wari arubaini na mbili. Wote wananiita nini?

SWAFIA: Twakuita somo.

BI MEJUMAA: Ee. Somo.

[Bi Mejumaa avuta kamasi]

SWAFIA: Walia?

BI MEJUMAA: Nafuta wanja. Na yale maneno nimeyasema kwa wote, Swafia. Kila niliyemfunda, nikifika mlango ule wa siku, nalisema hilo la kuosha. Nawe nilikwambia, au sikukwambia?

SWAFIA: Ulinambia.

BI MEJUMAA: Basi nina kazi ya kupiga simu arubaini na moja. Lakini tuanze na wewe. Nijibu kitu kimoja. Siku hizi kumi na tano, Badawi mwenyewe amesema nini?

SWAFIA: Kuhusu nini?

BI MEJUMAA: Kuhusu damu isiyokatika. Amekasirika? Amenung'unika? Amekuuliza hata mara moja, "Mke wangu, mbona hivi?"

SWAFIA: Hapana. Alala ukutani, amegeuka. Siku ya kumi nikamwambia bado, akasema, "Hakuna neno, pumzika."

BI MEJUMAA: Kijana wa miaka ishirini na minane, mke wa miezi minane, ametoka safari, siku kumi na tano amelala ukutani, na asema hakuna neno. Mwanangu, mimi nimeishi na wanaume na nimesikia habari za wengine kwa wake zao. Hakuna mwanamume wa hivyo ila aliyekufa, au aliyeshukuru.

SWAFIA: Ashukuru nini?

BI MEJUMAA: Zile shanga nyekundu. Zinamlinda yeye pia. Kila jioni arudi, azitazame kwanza, ndipo avute pumzi. Nyote wawili mwajificha nyuma ya damu moja. Aliye na haraka ndani ya nyumba hiyo ni mmoja tu, na yuko kwenye kigoda.

SWAFIA: Sikufikiri hivyo.

BI MEJUMAA: Wala mimi. Sasa maji yafunge. Usikoge.

SWAFIA: Atavunja mlango.

BI MEJUMAA: Avunje, ni mlango wake. Badawi akifika, umwite hapo hapo. Usingoje chumbani. Chumbani mna asmini, mtazungumza mambo mengine au hamtazungumza kabisa. Mwambie mbele ya mlango huo huo.

SWAFIA: Mbele ya mamake? Somo, ataniua. Atasema namzulia mwanawe. Atasema nimepekua mifuko. Badawi akipata haya mbele ya mamake ataniacha, wallahi, kwa neno moja, nami sina pa kwenda. Mamangu yuko Lamu kwa mume mwingine, chumba kimoja, watoto watano.

BI MEJUMAA: Kwangu kuna kitanda.

SWAFIA: Wewe ni mgonjwa wa mguu.

BI MEJUMAA: Nitapona. Nisikize sana, sitaki kulisema mara mbili. Mimi hapo zamani nilitunza haya ya mwanamume. Niliitunza vizuri, hakuna aliyejua mpaka leo, yeye amekufa nayo safi. Mimi nimebaki na nini? Wewe bado u mzima, Swafia. Leo, alasiri hii, u mzima. Kesho sijui.

SWAFIA: [alia] Naogopa.

BI MEJUMAA: Ogopa. Lakini useme. Usimwite mwizi, usimwite mzinifu. Hilo ni lake na Mola wake, na siku ya kuliuliza itakuja. Leo mwambie kitu kimoja tu: nimeona vidonge, hukuvimaliza, kesho asubuhi twende sote wawili kwa yule Purity.

SWAFIA: Nimeona vidonge. Hukuvimaliza. Twende sote wawili.

BI MEJUMAA: Hivyo. Tena bila kupamba. Mimi navaa buibui, nachukua tuktuk nije—

SWAFIA: Ngoja. Shh.

BI MEJUMAA: Nini?

SWAFIA: Mlango wa chini. Amefika. Apanda. [kwa sauti ya juu] Naam, mama, nimesikia! [kwa sauti ya chini] Somo, amwambia, "Mkeo yuko tayari." Nasikia. Amwambia niko tayari.

BI MEJUMAA: Funga maji.

SWAFIA: Nikifunga, watanisikia.

BI MEJUMAA: Funga hivyo hivyo, wasikie.

[maji yakatika]

SWAFIA: Somo, usikate. Nakuweka kwenye kanga. Usikate, hata nikinyamaza.

BI MEJUMAA: Sikati. Nenda.

[komeo lafunguka]

SWAFIA: [kwa mbali] Badawi. Usivue viatu. Simama hapo, tafadhali, nataka kukwambia neno.

BI RAIHANA: [kwa mbali] Mbona nywele zako kavu? Saa nzima umo humo ndani, mbona nywele kavu?

SWAFIA: [kwa mbali] Mama, niwie radhi. Badawi, nitazame. Nimeona vidonge. Hukuvimaliza.

BI MEJUMAA: [kwa sauti ya chini sana] Ya tatu. Sema ya tatu.

SWAFIA: [kwa mbali] Mimi nimepimwa, sina kitu. Nami nimo katika siku zangu, kweli, si zile za mwanzo, zile nilisema uongo. Kesho asubuhi twende sote wawili.

BI RAIHANA: [kwa mbali] Vidonge vya nini? Twende wapi? Badawi, mkeo asema nini? Vidonge vya mgongo? Wewe, mtoto, rudi ndani ukoge, magharibi yaingia, usiniletee—

[mtandao wakoroma, mlio wa kredo kuisha walia mara mbili]

BI MEJUMAA: La. Si sasa. Ewe simu, si sasa.

BI RAIHANA: [kwa mbali] —maji nimeyatia marashi kwa mkono wangu. Ingia ukoge.

BADAWI: [kwa mbali] Mama.

BI RAIHANA: [kwa mbali] Nini?

BADAWI: [kwa mbali] Asikoge. Muache. Si yeye, mama, ni mimi ndiye—

[simu yakatika]

BI MEJUMAA: Ndiye nini? Haloo? Malizia, baba. Sema, mwanangu, hapana atakayekuua. Wewe ndiye nini? ... Haloo? ... Swafia? ... Haloo?